Usukani unatetema nikivuka daraja: nifunge dampa au nisifunge?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Buhongwa, Mwanza. Kazi yangu ni kubeba samaki kwa pikipiki. Nanunua sato na sangara kwa wavuvi upande wa Sengerema, nawapanga kwenye deli lenye barafu, navuka Daraja la Magufuli kutoka Busisi kuja Kigongo, napita Usagara na kuwafikisha kwa wateja wangu wa Nyegezi na Mkuyuni. Wakibaki, naenda nao hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Pikipiki ni ya cc 150, hizi za kawaida za bodaboda. Nimeichukua kwa mkataba kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kadi ina jina lake, mimi napeleka hesabu kila wiki, na bado miezi kadhaa iwe yangu.

Tatizo ni usukani. Nikiwa na deli limejaa, yaani samaki kilo 40 na barafu kama kilo 20, nikifika mwendo wa 70 kwenda 80 pikipiki inaanza kucheza. Darajani upepo wa ziwani ukinipiga ubavuni, nyuma inayumba kwanza, polepole, halafu mwili wote wa pikipiki unafuata. Kuna mtetemo mwingine tofauti: nikiachia mafuta na mwendo ukashuka kutoka 60 kwenda 40, nikilegeza mkono mmoja nijifute uso, usukani unatetema haraka haraka mikononi.

Kilichonitisha zaidi kilitokea Jumapili, tukitoka Misungwi kusalimia wazazi. Deli halikuwepo, nyuma alikaa mke wangu. Karibu na Usagara tulipita juu ya kiraka cha lami kilichoinuka, usukani ukapiga kushoto kulia, kushoto kulia, kwa nguvu ambayo mikono yangu haikuiweza. Ulitulia wenyewe baada ya mita kadhaa. Mama watoto alishuka, akamaliza safari kwa daladala, na mpaka leo hapandi.

Nieleze pia kilichobadilika kwenye pikipiki. Tairi la mbele ni jipya, la bei nafuu kuliko lile la mwanzo. Karia ilirefushwa kwenda nyuma ili ichukue deli kubwa. Halafu fundi wangu alikaza nati ya usukani. Mtetemo ukapungua, ila kwenye mwendo wa kutembea, pale sokoni, pikipiki ikawa nzito kama haitaki kwenda mbele moja kwa moja. Baadaye mtetemo ukarudi.

Sasa fundi anasema dawa ni dampa ya usukani. Anayo moja ya mtumba, imetoka kwenye pikipiki kubwa ya mashindano. Ni fimbo yenye oili. Ukiisukuma kwa nguvu inakataa. Anataka shilingi 180,000 pamoja na kazi. Upande mmoja ataufunga kwa kibano kwenye shokapu ya mbele, upande wa pili atachomelea kipande cha chuma kwenye shingo ya fremu.

Mjomba amesema moto usiguse fremu yake mpaka nimalize mkataba, na kama pikipiki inatetema niendeshe polepole. Mke wangu anasema pesa iliyopo kikoba ni ya friji, anataka kuuza samaki pale nyumbani, na tulikubaliana hivyo. Tena akaongeza neno lililoniuma: "Ukifunga hicho kitu utaacha kuogopa, na ukiacha kuogopa utakimbia zaidi."

Mimi naona wote wawili hawaelewi kwamba ninayekaa juu ya ile pikipiki ni mimi. Nikichelewa barafu inayeyuka, samaki analegea, mteja anakata bei. Nikifunga dampa nagombana na mke na mjomba. Nisipofunga, ipo siku nitaanguka. Nifanye nini?

Mbeba samaki, Buhongwa

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeandika kwa kina, kwa sababu katika maelezo yako kuna majibu ambayo huenda hata fundi wako hakuyasikia. Nimekuelewa hivi: unaogopa kuanguka, una mke aliyeshuka njiani kwa hofu, una mjomba mwenye kadi, na una kitu kimoja mkononi mwa fundi ambacho kimeahidiwa kuondoa hofu hiyo kwa shilingi 180,000. Sitakuambia ufunge au usifunge. Wewe ndiye utakayevuka daraja, na pesa ni yenu wawili. Ila nataka tuitazame dampa yenyewe kwa karibu, maana naona umeshaipa kazi ambayo baadhi yake haiwezi.

Dampa ni bomba lenye oili, ndani kuna pistoni na njia nyembamba ya oili kupita. Usukani ukigeuka polepole, oili inapita bila shida na mkono hauhisi kitu. Usukani ukipigwa ghafla, oili haiwahi kupita, fimbo inakuwa nzito, na ile nguvu ya kutupa usukani kushoto kulia inaliwa humo ndani. Ni kifaa cha kweli, na pikipiki kubwa za mashindano zinacho kwa sababu nzuri: zina injini yenye nguvu ya kuinua tairi la mbele, na usukani wake umeundwa kugeuka upesi. Pikipiki ya cc 150 ya mizigo inatoka kiwandani bila dampa kwa sababu shingo yake imelazwa na kupimwa ili usukani ujirudishe wenyewe katikati. Kwa hiyo swali la kwanza ninalokuomba ulibebe ni hili: kama ilikuwa inatulia zamani, ni kipi kimebadilika?

Hapo ndipo barua yako inaposema mengi. Umenieleza mambo mawili tofauti ukayaita tatizo moja.

La darajani, ambapo nyuma inayumba kwanza na mwili wote unafuata polepole, mara mbili au tatu kwa sekunde, kama mkia wa sangara, huanzia nyuma. Linatokana na mzigo, shokapu za nyuma, bushi za swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) au tairi la nyuma. Dampa ya usukani haiponyi hilo. Ikikazwa sana inaweza kulizidisha, kwa sababu inauzuia usukani kufanya marekebisho yake madogo madogo wakati mwili wa pikipiki unayumba.

Lile la kutetema haraka mikononi ukishuka kutoka 60 kwenda 40, na lile la Usagara, ni la mbele. Hilo hupiga mara 4 hadi 10 kwa sekunde, na ndilo dampa ilitengenezewa. Lakini angalia: la Usagara lilitokea bila deli. Kwa hiyo kuna jambo kwenye usukani au gurudumu la mbele ambalo halihusiani na samaki. Na ile habari kwamba nati ilipokazwa mtetemo ulipungua, pikipiki ikawa nzito sokoni, kisha mtetemo ukarudi, inanielekeza moja kwa moja kwenye golori za shingo, yaani vile vyuma vya mviringo ambavyo usukani unageukia juu yake, vikiwa ndani ya vikombe vya chuma. Kukaza nati kupita kiasi ni kutengeneza dampa mbaya: chuma kinakandamiza chuma, golori zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake, halafu vishimo vikishakuwepo hakuna kukaza kutakakosaidia.

Kabla ya kumpa fundi hata shilingi, yapo mambo ya kuangalia ambayo mengi yake hayana gharama. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka gogo au jeki chini ya injini mpaka tairi la mbele liwe hewani. Chuchumaa mbele yake, shika shokapu zote mbili chini karibu na ekseli, vuta kwako na usukume. Ukisikia "ko" kwenye shingo, imelegea. Halafu simama, weka usukani katikati, uguse kidogo kuelekea kushoto: unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake mpaka mwisho, na kulia vilevile. Ukigoma njiani, nati imekaza mno. Na ukiugeuza taratibu kwa vidole viwili ukahisi kama unaingia kwenye kishimo pale katikati, basi vikombe vimeliwa.

Dawa yake ni seti nzima: vikombe vya juu na chini, koni zake, golori mpya na grisi ya kutosha. Usikubali golori mpya kwenye vikombe vya zamani. Wakati wa kufunga, fundi akaze nati mpaka kila kitu kikae, ageuze usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, kisha alegeze kiasi cha robo mzunguko au chini ya hapo, mpaka usiwe na mchezo na bado uanguke wenyewe. Baada ya wiki moja au mbili za kazi ikaguliwe tena, maana vikombe vipya hujikaza mahali pake na nafasi ndogo hurudi. Gharama ya seti hiyo ni sehemu ndogo ya hiyo 180,000.

Tairi bado liko hewani, lizungushe. Shika kalamu ikigusa shokapu, ncha yake karibu na ukingo wa rimu, uone nafasi inavyobadilika. Ikicheza zaidi ya milimita 2, rimu inahitaji kunyooshwa. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Shika tairi juu na chini ulitikise, uone kama beringi za gurudumu zina mchezo. Kwenye hilo tairi jipya, tafuta mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na rimu: lazima uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu pande zote. Mahali unapozama, tairi halijakaa, na kila mzunguko linakupiga. Angalia mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Soma pia zile namba nne za tarehe. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa jipya kwako na zee kwa umri, na mpira mgumu haushiki lami.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujaondoka, kwa geji, usibonyeze kwa dole gumba. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, ila nyingi za kundi hilo hutaka karibu psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukiwa na abiria. Kitabu hicho hicho kitakuambia uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kubeba, na kwa pikipiki hizi mara nyingi ni karibu kilo 130, dereva akiwemo. Jipime wewe ukiwa na koti lako, ongeza samaki, barafu na deli lenyewe, halafu uone umebakiza nini.

Sasa karia. Hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu naamini ndipo la darajani lilipo. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwenye pikipiki yako ni karibu sm 130. Tuseme baada ya karia kurefushwa, katikati ya deli iko sm 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha kilo 60 kwa 20, gawa kwa 130: unapata kilo 9. Hizo kilo 9 zimeinuliwa kutoka kwenye tairi la mbele. Ukilisogeza deli lilelile mpaka katikati yake iwe sm 20 mbele ya ekseli, kilo 9 zinaongezeka kwenye tairi la mbele. Tofauti ni kilo 18 kwa samaki walewale, kwa kusogeza deli sm 40. Tairi jepesi la mbele ndilo linalopoteza mwelekeo likirushwa na kiraka au likisukumwa na upepo.

Ongeza na mambo mengine ya deli. Likiwa refu kwenda juu, linakuwa ukuta kwa upepo wa ziwani, na pale darajani ni kilomita tatu za maji wazi pande zote. Barafu ikiyeyuka, maji yanakimbia kushoto kulia ndani yake. Toboa tundu la kutolea maji na uweke bomba linaloyapeleka chini, mbali na tairi na breki. Karia yenyewe ishike uitikise: ikicheza kwa sm 1 ukiwa umesimama, kwenye mwendo wa 80 kilo 60 zinacheza nayo, na swingamu inaburutwa. Kwa hiyo inua tairi la nyuma, ulisukume kushoto kulia, uhisi kama bushi zimekwisha. Halafu tazama alama za kurekebishia cheni, pande zote mbili ziwe sawa. Usiziamini sana, vuta kamba mbili ndefu zilizonyooka, moja kila upande wa tairi la nyuma, uzipitishe hadi tairi la mbele, uone kama linakaa katikati.

Rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kipi kilikuwa ugonjwa, na wiki ijayo kikirudi utaanza upya. Na majaribio yafanye asubuhi mapema njia ikiwa wazi, bila abiria, kwa mwendo usiozidi ule ambao tatizo linaanzia.

Nirudi kwa dampa, maana inawezekana ukafanya yote hayo na bado ukaitaka, na hilo litakuwa jambo la haki kabisa. Hofu yangu kubwa ni kwamba imetoka kwenye pikipiki ya mashindano. Usukani wa pikipiki zile unageuka kidogo, kama digrii 27 hadi 30 kila upande. Wako unageuka 40 au zaidi, ndiyo maana unaweza kuzunguka kwenye uchochoro wa Mwaloni. Fundi akifunga kibano sm 10 kutoka katikati ya mhimili wa usukani, fimbo inahitaji kusafiri karibu sm 13. Nyingi za aina hiyo hazifiki hapo. Maana yake, siku unakata kona kali na samaki nyuma, dampa inafika mwisho kabla ya usukani, na usukani unagoma ukiwa nusu. Ama fimbo inapinda, ama kile kipande cha chuma kinang'oka, ama unaanguka pale pale. Fundi anaweza kuisogeza karibu na mhimili, sm 5, fimbo itosheke. Lakini hapo nguvu ya kuzuia inashuka hadi robo, kwa sababu fimbo inasukumwa nusu ya kasi na ina nusu ya wenzo.

Kupima ni rahisi. Usukani mwisho wa kushoto, pima kutoka mahali fimbo itakaposhikwa kwenye shokapu hadi mahali itakaposhikwa kwenye fremu. Usukani mwisho wa kulia, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo safari ya fimbo, na uache angalau sm 1 ya ziada kila mwisho. Kisha vuta fimbo ya fundi yote nje, isukume yote ndani, uone ina ngapi. Fanya hivyo taratibu ukisikiliza mkono: uzito uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na sehemu tupu ambapo fimbo inateleza bila kuzuia, mna hewa ndani au sili imekwisha, na mtetemo utaishi humo humo kwenye nafasi hiyo tupu. Ukiona oili kwenye fimbo, iache.

Ikifungwa, waya wa mafuta, wa klachi na wa spidimita zisibanwe ukigeuza usukani mwisho wote. Nati ziwe za kujifunga zenyewe, kwa sababu bolti moja ikilegea na fimbo ikaangukia ndani, usukani unafunga ukiwa njiani. Kama ina kitufe cha kurekebisha, anza kwenye nyepesi kabisa. Nenda kwa mwendo wa 10 hadi 15 kwenye njia tambarare. Pikipiki ikianza kutangatanga kama ilivyokuwa nati ilipokazwa, ni nzito mno.

Suala la kuchomelea, mjomba ana hoja kuliko unavyomdhania. Shingo ya fremu ndiyo inayopokea kila pigo la shimo na kila breki ya mbele, na bomba lake si nene. Moto unadhoofisha chuma pembeni ya mshono, na ufa huanzia hapo. Huenda anachokataa ni moto tu, wala hajakataa dampa. Kipo kibano cha kuzunguka bomba la fremu, chenye bolti mbili na mpira ndani, kinachofungwa na kufunguliwa bila kuacha alama. Je, umewahi kumuuliza hivyo, au alisikia neno "kuchomelea" na mazungumzo yakaishia hapo?

Na mama watoto. Umesema neno lake lilikuuma. Hebu lisome tena bila maumivu. Yeye alikuwa juu ya ile pikipiki siku ya Usagara, nyuma, bila usukani wa kushika. Kwa hiyo ile kauli yako kwamba hawaelewi anayekaa juu ni wewe, kwake haisimami. Anachosema kina ukweli ambao waendeshaji wengi wanaujua: kifaa kikiondoa dalili, mkono wa mafuta unaongeza wenyewe bila kukusudia. Zamani feri ilikulazimisha kusubiri na kupoa. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 una lami laini inayokuita ukimbie, na huenda kasoro hii ilikuwepo siku zote, ila mwendo ndio umeifichua. Sijui kama angekataa pesa ya kikoba kama angeambiwa ni ya golori na vikombe, na kwamba salio linabaki kwenye friji. Wewe pia hujui mpaka uulize. Inawezekana pia akakataa hata hapo, na atakuwa na haki, maana mlikubaliana. Basi pesa hiyo itafutwe kwenye samaki.

Njia ya mjomba, ya kuendesha polepole, nayo ipime kwa haki. Kwa mwendo wa 50 la darajani huenda lisitokee kabisa. Gharama yake ni muda na barafu: je, deli lenye mfuniko unaoshika vizuri na barafu kilo 5 zaidi vingefidia hizo dakika? Au uzito huo wa ziada utakurudisha kulekule? Fanya hesabu hiyo kwa samaki wako na wateja wako, mimi siwezi kukufanyia. Ila usiitegemee peke yake kwa lile la mbele. Golori zilizokufa hazitulizwi na mwendo mdogo, na kiraka kama kile kipo hata mahali pa 40.

Wakati unayafanya haya bado utakuwa barabarani, kwa hiyo shika hili. Usukani ukianza kupiga, usikamate breki ya mbele na usiongeze mafuta. Bana tangi kwa magoti yote mawili, sogeza kifua mbele ili uzito uende kwenye tairi la mbele, shika usukani bila kukakamaza viwiko, na achia mafuta taratibu mpaka utulie. Mikono iliyokakamaa inaurudishia usukani kila pigo. Darajani upepo ukiwa mkali, shuka kwenye 40 kabla hujaingia, kaa mbali na ukingo, na usiwe ubavuni mwa lori: likikupita, upepo unakatika ghafla halafu unakurudia kwa pamoja.

Siku fundi akifungua shingo, kaa hapo hapo. Chukua vikombe vya zamani, vifute grisi, pitisha ukucha ndani yake. Kama kuna vishimo vilivyopangana kwa mstari, vifunge kwenye gazeti uvipeleke kwa mjomba, avipapase kwa kidole chake. Hapo ndipo mwulize mambo mawili: hivi vimeisha kabla ya mkataba au ndani ya mkataba, na nani anavilipia, na kama baada ya kubadilisha bado inatetema, je, kibano cha bolti, bila moto, atakiruhusu?